Jumamosi moja, filamu au mpira: ninavyochagua

Tangu wifi yangu atoke eda mwanzoni mwa 2025, Jumamosi zetu tunazikaa pamoja. Anafika kwangu Temeke baada ya adhuhuri, anavua baibui, anajifunga kanga, tunaingia jikoni, na kabla wali haujakauka maji swali limeshatoka: "Wifi, leo tunaangalia nini?"

Yeye ni mtu wa filamu, tena zile za maisha, za watu kukaa mezani wakanyamaziana mpaka unasikia kijiko kinavyogusa sahani. Mimi ni mtu wa mpira, Simba tangu nina meno ya utoto. Nyumba yetu iko jirani na Uwanja wa Benjamin Mkapa kiasi kwamba bao likiingia nasikia kelele kwanza, ndipo naliona kwenye runinga sekunde chache baadaye. Marehemu kaka yangu, mume wake, ndiye aliyekuwa akitupatanisha: wiki hii mpira, wiki ijayo filamu, na hakuna wa kununa. Alipofariki, zamu hiyo tukabaki nayo sisi wawili. Imenibidi nilifikirie mwenyewe jambo ambalo zamani nilimwachia yeye: ukiwa na Jumamosi moja tu, uipe nini?

Ninachoamini nakisema mapema ili ujue ninaegemea wapi. Kwenye filamu nzuri ya huzuni, yupo mtu aliyekaa chini akaupanga ule uchungu. Amejua uanzie wapi, akuachie pumzi wapi, akufikishe wapi. Kwenye mpira hakuna aliyepanga. Dakika ya 93 haimjui mtu, wala haina deni la kukueleza kwa nini. Kwa hiyo mimi sichagui kwa kuangalia kipi ni kizuri zaidi. Naangalia siku hiyo nimebeba nini. Nikiwa na mzigo wangu tayari, naomba filamu, nibebewe na mtu anayejua njia. Nikiwa mkavu, sina hamu na lolote, naomba mpira.

Hela na muda

Tuanze na mfuko, maana kwa wengi wetu ndio unaoamua. Mzunguko, yaani viti vya bei ya chini, pale kwa Mkapa, kwa mechi ya kawaida ya ligi, nimezoea kulipa kati ya shilingi 3,000 na 5,000, unagusisha N-Card yako getini unapita. Tiketi ya sinema ni kama mara tatu ya hapo, na bado hujanunua bisi wala soda. Kibanda umiza cha mtaani kwetu ni 500 kwa mechi ndogo na 1,000 kwa mechi kubwa, unakaa kwenye benchi na jasho la jirani linakuwa lako. Mwanamke ukienda, nenda na mwenzako na uwahi, ukae karibu na mlango. Nasema hivyo kwa kuwa joto la mule likichanganyika na bao la dakika za mwisho, watu hawaangalii wanamkanyaga nani.

Kwa anayekaa nyumbani, ligi yetu haina tena habari ya kuhangaikia redio. Mwaka 2021 Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 kuonyesha Ligi Kuu, na tangu hapo mechi hata za timu za mkiani unaziona sebuleni.

Muda ndio unaodanganya. Kwenye karatasi filamu ni saa mbili na mechi ni saa mbili. Lakini mechi kubwa pale uwanjani ni siku nzima: mageti yanafunguliwa mapema, na kutoka nje ukiwa mmoja kati ya watu 60,000 ni safari yake. Filamu inakusubiri. Ukichoka unaisimamisha, ukaswali, ukarudi ukamkuta mhusika amesimama palepale mlangoni. Mechi ikikupita imekupita. Unaweza kuiona marudio, ila utakuwa unaangalia kitu ambacho kila mtu mtaani ameshamaliza kukililia. Kwa hiyo kama vyote viwili vinagongana saa moja na hali yako ni ya kawaida, chukua mpira. Filamu utaikuta kesho.

Unguja, mara mbili

Mfano wangu mkubwa unatoka Unguja, kwa sababu pale nilipata vyote viwili ndani ya mwezi mmoja, na yote mawili yaliniumiza kwa namna tofauti.

Filamu ni "Vuta N'kuvute" ya Amil Shivji, iliyotoka 2021. Waliosoma kidato cha tano na sita wanalijua jina hilo kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Filamu imeichukua riwaya ile na kuikata kwa ujasiri, kwa hiyo usiende ukiwa na kitabu mkononi ukihesabu kilichoachwa. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza bado ameshika nchi. Yasmin, binti wa Kihindi, ametoroka ndoa aliyoozwa kwa mzee. Denge anasambaza makaratasi ya kupigania uhuru, polisi wako nyuma yake. Wanapendana katika mji ambao kila ukuta una masikio. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka huohuo, na baadaye Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar.

Niliiangalia na wifi sebuleni, na mama yangu, ambaye ni mzaliwa wa Kikwajuni, Unguja, akiwa amelala kwenye mkeka, au hivyo tulivyodhani. Nilichokipenda zaidi ya yote ni Kiswahili chake. Hawa watu wanaongea kama wanavyoongea watu, wanakatizana, wanaficha neno ndani ya neno. Siti Amina, anayeigiza Mwajuma, ni mwimbaji wa taarabu kweli, si wa kuigiza tu, na anapofungua mdomo hakuna anayekumbuka kuwa hii ni kazi ya kamera. Katikati ya wimbo mama akasema kutoka mkekani, macho bado yamefumbwa: "Huyu kaimba." Basi. Akalala tena. Kwa mama yangu, hiyo ni tuzo.

Kasoro yake naiona kwenye mwendo. Nusu saa ya kwanza inatembea polepole, na giza ni jingi. Kwenye simu hutaona kitu. Iangalie kwenye runinga, taa zimezimwa, la sivyo utailaumu kwa kosa lisilo lake. Na mapenzi ya Yasmin na Denge yanakwenda haraka kidogo kuliko ninavyoamini, nilitamani wapewe kikao kimoja zaidi cha kuzungumza tu.

Mechi ni ile ya Mei 25, 2025, uwanja wa Amaan, marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na RS Berkane ya Moroko. Wiki moja kabla tulikuwa tumefungwa 2-0 kule Berkane. Mechi ilitolewa kwa Mkapa kwa sababu ya hali ya uwanja ikapelekwa Zanzibar, kwa hiyo mimi na wifi tukapanda boti asubuhi. Alikuwa hajawahi kuingia uwanjani bila kaka. Alivaa jezi yake, ya kaka, ikamfika karibu na magoti juu ya dera, na hakuna aliyemcheka.

Amaan ni mdogo, viti kama 15,000, na udogo wake ndio utamu wake. Kwa Mkapa unauona mpira kwa mbali, pale unasikia kiatu kikigonga mpira. Joshua Mutale alipofunga dakika ya 17, bibi mmoja aliyekaa mbele yetu na kikapu cha karanga aliinuka, karanga zikamwagika zote ngazini, akaziangalia, akaendelea kushangilia. Tulihitaji bao moja tu twende sawa. Kipindi cha pili Yusuph Kagoma akala kadi nyekundu, tukabaki kumi. Steven Mukwala akaweka mpira wavuni, uwanja ukapasuka, wifi akanikumbatia mpaka hereni yangu ikachomoka. Kisha mwamuzi akaweka kidole sikioni. VAR, marudio ya video. Tukasimama. Sijui kama ilikuwa dakika mbili au tano, ninachojua ni kwamba watu wote wale walinyamaza mpaka nikasikia bendera zikipigwa na upepo. Bao likakataliwa, kuotea. Halafu, tukiwa tumeshakata tamaa nusu na nusu bado tunaomba, Soumaïla Sidibé akasawazisha katika dakika za majeruhi. 1-1, jumla 3-1, kombe likaenda Moroko.

Hebu viweke pamoja. Filamu ilinionyesha watu wanaopambana na nguvu kubwa kuliko wao, na ikanipa saa moja na nusu ya kuwaelewa. Nilipolala usiku ule nilikuwa nawaza Yasmin atakuwa alifikiria nini alipofunga mlango. Mechi haikunieleza lolote. Sikupata sababu ya kadi, sikupata sababu ya sentimita zile za kuotea. Lakini kwenye boti ya kurudi, watu tusiojuana, jezi nyekundu chumba kizima, tulikaa bega kwa bega, na kijana mmoja akamwinukia wifi kiti bila kuulizwa. Wifi alilia pale. Miezi sita alikuwa hajalia mbele za watu. Alisema analia kwa sababu ya mpira, na sote tukakubali kwamba ni mpira.

Hiyo ndiyo kazi ambayo filamu haikuifanya, pamoja na uzuri wake wote. Kwa hiyo kama unayetaka kumtoa nyumbani ni mtu aliyejifungia, mpeleke uwanjani, hata kama timu itafungwa. Kama unataka kuijua Zanzibar ya kabla ya 1964 na kusikia Kiswahili kikitembea kwa raha zake, "Vuta N'kuvute" haina mpinzani miaka hii.

Mwanamke wa Rio, na kusubiri

Filamu iliyonifanya nianze kuandika haya ni ya Brazil, "Ainda Estou Aqui" ya Walter Salles, ya 2024. Ilichukua Oscar ya filamu bora ya kimataifa Machi 2025, ya kwanza kwa Brazil. Kwenye kisa hiki hakuna kilichobuniwa kwa ajili ya machozi: Januari 1971, wakati wa utawala wa kijeshi, watu walifika nyumbani kwa Rubens Paiva, mbunge wa zamani, mjini Rio de Janeiro, wakamchukua kwa mahojiano. Hakurudi. Mkewe, Eunice, naye alishikwa siku 12. Alipotoka alikuwa na watoto watano, nyumba, na mume ambaye serikali inasema haijui aliko.

Nilisita kumwonyesha wifi. Nikamwambia wazi inahusu nini. Akasema, "Weka." Wanaongea Kireno na maandishi ya chini ni ya Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa namtafsiria kwa sauti ya chini. Tukafika kwenye ile sehemu ambapo mpigapicha wa gazeti amekuja kuwapiga picha familia, na anataka wakae kwa huzuni, waonekane wamefiwa. Eunice anawaambia wanawe watabasamu. Wanatabasamu, wanacheka kabisa, kwenye picha ya msiba wao. Wifi akanishika mkono: "Usitafsiri tena. Nimeelewa." Tulimaliza filamu hivyo, yeye bila maneno.

Fernanda Torres anaigiza Eunice na halii hovyo. Hicho ndicho ninachokiheshimu. Waigizaji wengi wakipewa mjane wanampa mayowe, huyu kampa kazi za nyumbani: kuhesabu hela, kufunga masanduku, kuwanunulia watoto aiskrimu huku akiangalia meza za familia zilizotimia. Miaka inapita. Eunice anarudi kusoma sheria, anakuwa mtetezi wa haki za wenyeji wa asili wa nchi yake, na mwaka 1996, miaka 25 baadaye, anapewa cheti cha kifo cha mumewe. Anakishika mbele ya kamera kama mtu aliyeshinda kesi. Na kweli kashinda, maana bila karatasi ile hata kufiwa hakukuwa halali.

Ukitaka mechi ya kuweka kando ya filamu hiyo, mimi naweka moja inayoniuma ingawa si ya timu yangu. Aprili 5, 2024, Pretoria, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Yanga na Mamelodi Sundowns. Dar ilikuwa 0-0. Kule Stephane Aziz Ki akapiga shuti, mpira ukagonga mwamba wa juu ukadunda chini, na sisi sote tuliokuwa tunaangalia, Simba na Yanga, tukaona umevuka mstari. Mwamuzi akasema haukuvuka. 0-0 tena, wakaenda penati, Sundowns 3-2. Kaka yangu alikuwa Simba wa damu, na usiku ule alikaa amenyamaza kama amefiwa na jirani.

Kusubiri kwa Eunice na kusubiri kwa mashabiki wa Yanga si kitu kimoja, na sitaki kuonekana nalinganisha maisha ya mtu na mpira. Ninacholinganisha ni kile kinachobaki kwa mtazamaji. Filamu ilinipeleka mpaka 1996, nikaiona ile karatasi mkononi mwake. Lile bao la Pretoria halina 1996 yake. Miaka mia ijayo watu wa Jangwani, yaani Yanga, watakuwa bado wanaisimamisha video ile na kuchora mstari kwa rula. Kuna anayependa jeraha la aina hiyo, linampa cha kusimulia kijiweni. Kuna anayeumwa nalo. Jijue wewe ni yupi kabla hujawasha runinga siku ya mtoano.

Na hapa niseme jambo moja la ushabiki. Filamu ya huzuni nairudia. "Ainda Estou Aqui" nimeiona mara tatu na kila mara nakuta kitu. Novemba 5, 2023, Yanga ilitufunga 5-1, na mechi ile sijawahi kuiangalia tena hata dakika moja. Huzuni iliyopangwa na mtu inavumilika kurudiwa.

Kwa asiyependa filamu za kimya

Nina shemeji mmoja ambaye filamu ya mazungumzo ikizidi dakika kumi bila mtu kukimbizwa, anachukua simu. Kwa watu wa namna yake nina dawa moja, "Conclave" ya Edward Berger, ya 2024, kama saa mbili hivi. Papa amefariki, makadinali wamefungiwa ndani Vatican, wanapiga kura mpaka apatikane mpya. Ralph Fiennes ni Kadinali Lawrence, anayesimamia uchaguzi na hautaki uongozi, au ndivyo anavyojiambia.

Sisi ni Waislamu, mambo ya ndani ya Kanisa hatuyajui sana, na hatukupotea hata kidogo, kwa sababu imejengwa kama mashindano ya mtoano. Kila raundi ya kura inasomwa jina kwa jina, unahesabu kwa vidole, aliyekuwa anaongoza asubuhi jioni ametolewa kwa siri iliyofichuka. Shemeji alisogea mbele ya kiti kama mtu anayeangalia penati. Filamu hii ilikuwa imetoka miezi michache tu kabla Papa Francis hajafariki Aprili 2025 na uchaguzi wa kweli kufanyika Mei, na watu wengi waliikimbilia kwa sababu hiyo. Mwisho wake una jambo ambalo nyumba nzima ilibishana mpaka chai ikapoa, kwa hiyo usiiangalie peke yako.

"The Brutalist" nairuka haraka. Adrien Brody anastahili ile Oscar yake ya pili, hilo silipingi, na kule kuwekewa mapumziko ya dakika 15 katikati kama mechi nilikupenda. Lakini ni saa tatu na dakika 35, na nusu ya pili inakwenda kulegea kama timu iliyotumia nguvu zote kabla ya mapumziko. Kwa Jumamosi yenye wageni, hapana.

Bao ambalo mwandishi wa filamu angeambiwa alifute

Sasa upande wa mpira, kwa mtu wa filamu kama wifi anayetaka kuanza. Usimwanzishie ligi, ataona watu 22 asiowajua. Mwanzishie kisa. Mimi nilimwanzishia Ivory Coast kwenye AFCON, kombe la mataifa ya Afrika, iliyochezwa kwao mwanzoni mwa 2024, tukaangalia mechi zao kwa mpangilio, jioni moja baada ya nyingine, kama tamthilia.

Wenyeji wanafungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta mbele ya watu wao. Kocha Jean-Louis Gasset anaondoka kabla hatua ya makundi haijaisha. Wanabaki wakisubiri matokeo ya kundi lingine, na kundi hilo ni letu, lenye Taifa Stars. Usiku ambao sisi tulitoka 0-0 na Kongo, Moroko waliifunga Zambia 1-0, na bao hilo la Hakim Ziyech ndilo lililowaingiza Ivory Coast hatua ya 16 kama wa mwisho kabisa kati ya walioshika nafasi ya tatu. Wifi alipoliona jina la Tanzania kwenye lile kundi akasema, "Kumbe na sisi tumo kwenye kisa."

Msaidizi, Emerse Faé, anakabidhiwa timu. Wanamtoa Senegal, bingwa mtetezi, kwa penati. Wanamtoa Mali wakiwa pungufu, kwa bao la sekunde za mwisho za dakika 120. Nusu fainali Sébastien Haller anafunga bao pekee dhidi ya Kongo. Fainali, Februari 11, 2024, Nigeria wanatangulia, Franck Kessié anasawazisha, na dakika ya 81 Haller huyohuyo anaunyoosha mguu mbele ya beki, mpira unambusu kiatu, unaingia. 2-1.

Nilikuwa sijamwambia wifi habari za Haller. Nilimwachia mpaka filimbi ya mwisho, ndipo nikamwambia kwamba Julai 2022, siku chache baada ya kujiunga na Borussia Dortmund, waligundua ana saratani ya korodani, akafanyiwa upasuaji na kutibiwa kwa dawa, na alirudi uwanjani Januari 2023. Wifi akaomba nirudishe lile bao. Akaliangalia mara nne. Halafu akasema kitu kilichonifanya nione mpira kwa jicho lake: "Hii ingekuwa filamu nisingeiamini."

Na ndivyo ilivyo. Mwandishi akipeleka kisa hicho kwa mwongozaji ataambiwa amezidisha, apunguze, ile 4-0 inatosha au ile saratani inatosha, si vyote. Mpira hauombi ruhusa ya kuzidisha. Lakini kwa kila Haller mmoja kuna mashindano kumi ambayo aliyerudi kutoka hospitali anapiga juu ya mwamba na hadithi inakufa hapohapo. Ukichagua mpira kwa kutafuta visa vya namna hii, utakaa Jumamosi nyingi kavu, sare za bila bao, mvua, mwamuzi anayepuliza kila dakika. Filamu nzuri, ukishauliza watu wawili unaowaamini, karibu kila mara inakulipa.

Ndiyo maana kwetu orodha imekaa hivi sasa, na nakupa ilivyo. Mgeni anayetoka nje ya nchi na anataka kutujua: "Vuta N'kuvute" Ijumaa usiku, mechi ya ligi kwa Mkapa Jumamosi, kwa mpangilio huohuo. Aliyefiwa karibuni: asipewe filamu ya Brazil mpaka aulizwe, na akikubali, akae na mtu. Vijana wa nyumbani wanaodai drama zinachosha: "Conclave". Wanandoa wenye timu tofauti: filamu, tafadhali, hasa wiki ya Simba na Yanga. Watoto: mpira, mchana, jukwaani, wapate kukaa na watu.

AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda, na wifi ameshaanza kuweka hela kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, hataki kusikia habari ya kibanda wala sebule. Wiki hii ni zamu yake kuchagua. Nilimpigia jana nikidhani atataja filamu, nikasikia pasi ikigusa meza kwa nyuma. "Nanyoosha jezi," akasema. "Mechi ni saa ngapi?"